Kona Pana ya Breki

Jumatano, 5 Juni

Daktari ameniambia niandike kila ninachokula, na binti yangu akakimbilia kuninunulia daftari. Asubuhi chai na mkate. Mchana sikumbuki. Basi, hilo limekwisha. Daftari ni nene na mimi sina moyo wa kuandika habari za tumbo, kwa hiyo nitaandika mengine, na daktari akiuliza nitamwambia nilikula maneno.

Leo nimepata kazi. Nimeshona makochi ya watu mpaka vidole vikapinda, nikastaafu, nikadhani dunia imenimaliza, kumbe bado kuna kiungo changu kinachotafutwa. Kiungo chenyewe ni matako.

Ilianzia kwa kinyozi. Pale huwa nakutana na jamaa mmoja, dereva mstaafu wa basi la shule, wote tunamwita Breki. Ana mashua ya tanga. Kila Jumatano jioni yeye na rafiki zake wenye mashua hushindana kwenye ziwa letu hili la katikati ya mji, na zawadi yao ni haki ya kumcheka mwenzako wiki nzima. Juzi Breki alinitazama kwenye kioo, povu limenijaa shingoni, akaniuliza, "Mzee, una kilo ngapi?"

Nikamwambia swali hilo huulizwa ng'ombe.

"Basi njoo Jumatano," akasema.

Kumbe upepo ukiwa mkali mashua hulala ubavu, na inahitaji mtu mzito akae upande ulioinuka ili iketi vizuri. Mtu huyo haendeshi, havuti kamba, hapewi hata salamu. Anakaa. Mara mashua inapogeuka anahamia upande wa pili, anakaa tena. Wameshaniita Gunia. Tuko watatu: Breki kwenye usukani, mimi ubavuni, na mkunga mstaafu kwenye tanga la mbele, mama mwembamba mwenye mikono ya kuvuta watoto duniani wapende wasipende.

Wanazunguka maboya matatu kisha wanarudi gatini. Tuliongoza mpaka boya la tatu. Halafu sijui kilichotokea, tukawa wa tano kati ya saba.

Jumatano, 12 Juni

Tena. Tunaongoza, tunaongoza, tunafika boya la tatu, kinyozi, maana naye ana mashua yake, yuko nyuma yetu ananuna. Wenzetu wote wakifika pale wanalizunguka boya karibu, unaweza kulishika mkono ukaliuliza hali. Breki analipita. Anakwenda moja kwa moja, mbali, mpaka karibu na ukuta wa hospitali ulioota ukijani kwa maji, ndipo anageuka. Tukirudi, mashua nne zimeshatupita, na kinyozi anatupungia mkono kwa adabu ya kuudhi.

Nikauliza, "Bwana Breki, hii kona ya lori ni ya nini?"

"Upepo mzuri uko kule."

Nilikuwa na upepo huohuo usoni mwangu. Kule karibu na ukuta ulikuwa umekufa kabisa.

Mkunga akanikata jicho. "Kaa ubavuni, babu. Uzito hauulizi maswali."

Mimi nimelelewa na bibi aliyeniambia mdomo usiouliza hufunga utando wa buibui. Nitauliza tu.

Alhamisi, 13 Juni

Binti anauliza kwa nini suruali zangu zote zimelowa sehemu moja. Nimemwambia ni uzee. Amenihurumia, nimeongezewa nyama.

Jumatano, 19 Juni

Hakuna upepo. Tulikaa katikati ya ziwa kama inzi kwenye supu.

Jumatano, 26 Juni

Wa sita leo. Nimekaa nikafikiri, maana ubavuni hakuna kazi nyingine. Mtu aliyeendesha basi la watoto miaka yote hiyo bila kugonga hata kuku, hawezi kushindwa kupima kona. Kwa hiyo anafanya makusudi. Kwa nini?

Wazo la kwanza: kuna mwanamke. Hospitali ina wauguzi, na wauguzi wana madirisha. Nimemchunguza. Tukikaribia ukuta ule, Breki anakaza shingo, anavuta kofia, anatazama juu ya kichwa changu kama mtu aliyepita dukani anakodaiwa. Uso huo si wa mapenzi. Mapenzi nayajua, nilikuwa nayo mpaka marehemu mke wangu alipoondoka, na hayamkunji mtu pua hivyo.

Wazo la pili: anaogopa kugongana na wenzake boyani. Lakini kinyozi, nilipokuwa nanyolewa, alisema hivi: "Mwaka jana yule alikuwa anakata kona kama wembe wangu. Mwaka huu kawa lori la mchanga. Mimi sijui, na maadamu nashinda, sitaki kujua."

Mwaka huu, basi. Kitu kimetokea mwaka huu.

Nikamgeukia mkunga gatini tulipokuwa tunakunja tanga. Nikamwambia, mama, wewe unajua.

"Najua mengi. Nimezalisha nusu ya mji huu, najua hata baba za watu."

"Niambie moja tu."

"Ya watu waachie watu," akasema, akanikabidhi kamba zilizolowa.

Jumatano, 3 Julai

Mvua ya ghafla, mashindano yamevunjwa. Breki hakuvunja. Alipanda mashua peke yake, akaenda mpaka ukutani, akageuka, akarudi amelowa chapachapa. Akasema alikuwa anajaribu usukani.

Jumatatu, 8 Julai

Leo nimekwenda hospitali kupima presha. Muuguzi akasema imepanda kidogo, nikamwambia ni udadisi. Aliponiachia, sikutoka mlango niliopaswa. Nikafuata ukumbi uelekeao majini. Ukikutana na mtu, unatembea polepole na kushika kiuno, hakuna anayemuuliza mzee anayeshika kiuno.

Wodi ya mwisho, chini, ina vitanda viwili. Kimoja kitupu. Cha pili, kando ya dirisha, amelala mzee mrefu, mguu umefungiwa uzito, na dirisha lake linatazama boya la tatu kama kochi linavyotazama televisheni.

Hakunisalimu. Alinitazama kiuno, akatazama tumbo, akasema, "Wewe ndiye unayekaa ubavuni."

"Umenijuaje?"

"Nakuona kila Jumatano. Unakaa nyuma mno. Mkia wa mashua unazama, unakokota maji. Sogea mbele kwa urefu wa mkono, hata hiyo akili itapata hewa."

Nikavuta kiti. Mtu akinitukana kwa ufundi namna hiyo, napenda nikae naye.

Ni seremala wa mashua. Alianguka ngazini mwezi wa nne, akavunja nyonga. Mashua ile tunayoshindana nayo, yeye ndiye aliyeiunda, kila ubao. Nikasema, basi Breki ni mteja wako. Akageuza uso ukutani.

"Mdogo wangu," akauambia ukuta. "Mama mmoja, baba mmoja. Ni miaka tisa hatujasemezana."

Hapo presha yangu ilipanda kweli.

Habari yenyewe ni hii, na nimecheka njia nzima kurudi nyumbani, halafu nimefika nikaacha kucheka. Waliiunda mashua pamoja, mkubwa kwa mikono, mdogo kwa kuleta mbao na maneno mengi. Ikamalizika. Seremala akasafiri kwenda kuunda mashua ya mtu mwingine. Aliporudi alikuta mdogo wake ameng'oa mlingoti, ameutobolea tundu jipya na kuusogeza mbele kwa shubiri moja. Eti mashua ilikuwa inakaidi. Seremala alisimama gatini, akautazama mlingoti, akaweka zana zake kwenye mfuko, akaondoka. Hakuna aliyemtukana mwenzake. Hakuna aliyesema kitu. Ndiyo maana haijaisha, maana neno lililosemwa unaweza kuliombea radhi.

"Na sasa," akasema, "amesikia nimelala hapa, kila Jumatano anakuja mpaka chini ya dirisha langu kunionyesha mlingoti wake. Kunizomea, mimi niliyevunjika."

Nikafungua mdomo kumwambia kwamba mtu hapotezi mashindano kila wiki kwa ajili ya kuzomea. Nikaufunga. Kwanza sina hakika. Pili, nikiharibu hakuna muda wa kutengeneza, maana alikuwa ameniambia binti yake anakuja mwisho wa mwezi wa nane kumchukua akaishi naye mji wa mbali, safari ya siku nzima, huko ambako maji ni ya bomba tu. Wakiachana hapa bila neno, wameachana.

Nikamuuliza, "Kuna kingine tunachokosea?"

Macho yakamng'aa. Alikuwa nacho kingi.

Jumatano, 10 Julai

Nimesogea mbele kwa urefu wa mkono. Mashua ikaruka kama imechomwa sindano. Breki akanitazama. Nikatazama ndege.

Nikamwambia pia alegeze tanga kubwa kidogo, akilibana sana halipumui. Mkunga akakohoa.

Tuliongoza kwa umbali ambao sijauona tangu nianze. Breki akaenda kona pana kama kawaida, tukawa wa tatu.

Jumatatu, 15 Julai

Wodini. Seremala kanifundisha kamba ya tanga la mbele. Nilipomuuliza habari za mlingoti wenyewe, je, ulipo ni pabaya kiasi gani, akasema, "Mlingoti usiniulize." Akajifanya amesinzia. Mtu aliyesinzia hakunji vidole vya mguu.

Jumatano, 17 Julai

Wa pili. Kinyozi hakupunga mkono.

Gatini Breki akanishika bega. "Gunia, mwezi uliopita ulikuwa hujui mbele ya mashua ni wapi. Leo unaniambia kamba ya mbele iingie ndani vidole viwili. Nani anakufundisha?"

"Akili ya kuzaliwa."

"Hiyo ungekuwa nayo tungeiona kwa kinyozi."

Jumatano, 24 Julai

Nilituma salamu kwamba tumbo linanisumbua, nikaenda zangu wodini kuangalia mashindano kwa upande wa pili. Nilitaka kuona kile ambacho ukiwa ubavuni huwezi kukiona.

Seremala alikuwa ameshajiandaa. Amenyoa. Shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Muuguzi ameshampandishia mto nyuma ya mgongo, na akaniambia pembeni kwamba siku ya Jumatano mgonjwa huyu hataki kupimwa, hataki kulishwa, hataki kuulizwa.

Zikatokea mashua. Yeye anazijua zote kabla mimi sijaziona. "Kinyozi amefunga vibaya. Yule mwalimu ameshalewa upepo. Haya, huyo mdogo wangu... Hana uzito leo, tazama inavyolala. Shikilia. Usiibane. Legeza, legeza kidogo, hivyo." Mkono wake juu ya shuka ulikuwa unashika usukani usiokuwepo, na kila Breki alipofanya kile ambacho mkono ulimwambia, ulitulia.

Boya la tatu. Wenzake wakageuka. Mashua yetu ikalipita boya, ikaja. Ikaja karibu mpaka nikaona kiraka cha kofia ya Breki. Nikajibanza nyuma ya pazia kama mwizi wa kuku.

Na hapo nikaona. Breki alivua kofia. Tukiwa ndani ya mashua tulikuwa tunamwona akiivuta tu, kumbe alikuwa anatafuta ujasiri, na leo bila mimi kumkodolea macho, aliupata. Aliivua, akaishika kifuani, akatazama dirisha moja kwa moja.

Nikageuka nimwambie Seremala aone. Seremala alikuwa amegeuza uso ukutani.

"Anatazama huku?" akaniuliza.

"Anatazama. Amevua kofia."

"Muongo."

"Geuka uone mwenyewe."

Hakugeuka. Shingo yake ilikuwa ngumu kama mguu wa meza. Alipogeuka, mashua ilikuwa imeshatuonyesha mgongo, na Breki ameshavaa kofia.

Nikamwambia, "Mzee mwenzangu, nimeshona makochi ya watu waliogombana. Wanakuja na kochi la watu watatu, wanataka nilikate liwe viti viwili. Hukalii vizuri tena kiti kama hicho."

"Wewe kaa mbele," akasema. "Ukikaa nyuma unaongea sana."

Jumatano, 31 Julai

Nimemwambia Breki. Siwezi kukaa na siri, mimi si mkunga. Tulikuwa tumekwisha kufunga mashua, nikasema anayenifundisha ni kaka yako, na kila Jumatano ananyoa ndevu kukungoja.

Breki alikaa juu ya gati, miguu inaning'inia. Mkunga akaacha alichokuwa anafanya. Kumbe ndiye aliyempelekea habari za nyonga tangu mwanzo.

"Nikipita anageuza uso," Breki akasema. "Kila mara. Sijawahi kuuona."

"Anageuza kwa sababu anadhani unamzomea."

"Nimzomee na nini?"

"Na mlingoti."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Nikamwambia kwamba mwisho wa mwezi wa nane binti wa kaka yake anakuja kumchukua, akaishi naye mbali. Nikamshauri apite mlangoni kama watu wengine, wodi ina mlango. Akasema, "Nikiingia kwa mlango nitasema nini?" Mkunga akasema kwamba salamu inatosha. Breki akamtazama kama amemwambia apae.

Jumatano, 7 Agosti

Breki hakuja. Mashua ipo, mwenyewe hayupo. Nimekula kwa hasira. Sitaandika nini.

Jumatano, 14 Agosti

Hakuja tena. Seremala aliniuliza kwa nini mashua haikupita. Nilimwambia Breki ana mafua. Akasema mafua si kitu, lakini aliuliza tena kabla sijatoka.

Jumanne, 20 Agosti

Kesho ni Jumatano ya mwisho kwa Seremala, binti yake anafika Jumamosi. Jioni nilipita gatini, nikasikia nyundo. Breki amepiga magoti ndani ya mashua, jasho linamtoka. Ameng'oa mlingoti. Tundu lake la mbele ameliziba kwa ubao, na lile la zamani la kaka yake amelifungua.

"Unafanya nini, ndugu yangu?"

"Naurudisha," akasema. "Kuongea siwezi, lakini hili ataliona."

Nikamshikia mlingoti ausimamishe. Sikusema utani wowote, na hilo liandikwe.

Jumatano, 21 Agosti

Upepo mzuri, maji yana mikunjo midogo. Tukaanza mbele ya wote, na hapohapo mashua ikatukataa. Kila tukiielekeza boyani, inageuza pua kwenda kwenye upepo kama mbuzi aliyeona jani. Breki alishika usukani kwa mikono miwili, kisha kwa mikono miwili na goti. Mimi nilikaa mbele, nikakaa nyuma, nikakaa kwa kuomba. Mkunga alisema maneno ambayo hayasemwi mbele ya watoto wachanga.

Boya la kwanza tulikuwa wa mwisho. La pili tulikuwa wa mwisho na peke yetu. Kinyozi alitupita akirudi, akapaza sauti, "Mmebeba nini leo, nyumba?"

Boya la tatu likapita pembeni yetu, tukaelekea ukutani.

Nilikuwa nimemwambia Seremala jambo moja tu, kwamba leo asigeuze uso. Hakugeuza. Tulipofika usawa wa dirisha likafunguka kwa kishindo, na yeye alikuwa amesimama, mguu mmoja umemkunja uso kwa maumivu, mikono yote miwili imeshika fremu, na muuguzi amemshika kiuno kwa nyuma.

"Nani amekwambia uurudishe?"

Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya miaka tisa. Breki aliachia usukani.

"Si ulisema mahali pake ni pale?"

"Nilisema."

"Basi nimeuweka pale."

"Na huoni inavyokaidi? Miezi yote hii nimelala hapa naitazama inakwenda vizuri, inakwenda kama nilivyoiota, shubiri moja tu mbele, na wewe unaurudisha? Miaka yote niliyokuwa sawa hukunisikiliza. Leo nilipokosea ndiyo unanitii?"

"Kwa hiyo ulikosea," Breki akasema.

"Sijasema nilikosea."

"Umesema sasa hivi, Gunia shahidi."

"Nimesema shubiri moja. Wewe ulisogeza shubiri na vidole viwili, ndiyo maana ilikuwa inasita kwenye kona."

"Haikuwa inasita."

"Kona zenyewe ulikuwa unazikata wapi, wewe? Kila wiki unapita boya kama umelisahau nyumbani."

"Nilikuwa nakuja kwako," Breki akasema.

Tanga lilikuwa linapigapiga hewani bila mtu wa kulishika. Mashua ikasogea mpaka ukutani, mkunga akaizuia kwa mkono, na Breki akanyoosha wake juu, kaka akainamisha wake chini, wakashikana vidole, kwa kuwa zaidi ya hapo hapakufikika. Halafu wakaendelea kubishana habari za vidole viwili, wakiwa wameshikana hivyohivyo.

Nikawaambia kwamba kule gatini wameshafunga mashua zote, na mimi nina njaa. Hakuna aliyenisikia. Muuguzi akatoa kichwa dirishani, akasema saa za kuona wagonjwa zimekwisha, wageni waondoke.

Seremala akamwambia hakuna mgeni aliyeingia, hawa wako majini.

Jumamosi, 24 Agosti

Binti yake amekuja na gari. Breki alibeba mizigo, akapanda, akasema anamsindikiza kaka yake mpaka njia panda.

Jumapili, 25 Agosti

Hajarudi.

Jumatatu, 26 Agosti

Chai, mkate, nyama kidogo. Breki amepiga simu kutoka huko mbali, ananielekeza mahali pa kuutobolea mlingoti kabla ya Jumatano. Ilinibidi nisikilize kwa makini, maana nyuma yake kulikuwa na mtu anamsahihisha kila neno.